Saa Tatu za Ziada

Kompyuta ya chama cha msingi, hapa Kitangari,
ililala Jumatano na mfumo wake wa zamani,
ikaamka Alhamisi na mfumo mpya:
sura mpya, herufi nyembamba kama miguu ya sisimizi,
na saa tatu za ziada ambazo hakuna aliyeziomba.

Hakuna aliyeona.
Msimu ukipamba moto, nani anatazama kona ya kioo?
Watu wanatazama mizani.

Ijumaa asubuhi nikaitwa kutoka Newala mjini.
Nimeshuka kwenye pikipiki na vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Ghala linanuka gunia jipya na mafuta ya maganda.
Somoe Mchopa yuko mlangoni, stakabadhi mkononi,
ameishika kwa pembe
kama aliyemshika panya kwa mkia.

"Fundi, nisomee."

Korosho. Magunia kumi na moja.
Ijumaa, 01:12.

"Saa moja? Saa moja jioni nilikuwa bado nashona midomo ya magunia."
"Ni saa saba, mama," anasema karani. "Saa saba usiku."
"Saa saba usiku hata bundi wa ghala hili amefunga ofisi."

Mnada ni leo, saa nne,
kwa mzigo uliopokelewa hadi jana.
Wa Somoe umeandikwa leo.
Basi wiki ijayo, na bei ya wiki ijayo
haijazaliwa, haina jina.

"Kwani ulipima lini?" nikamuuliza.
"Usiku wa Ijumaa."
Karani akapiga meza: "Umemsikia mwenyewe!"

Nikacheka, ikabidi nimwombe radhi.
Kwa Somoe, kama kwa bibi yangu,
jua likizama Alhamisi
Ijumaa imeshavua viatu, imeshaingia ndani.
Mashine, kwa kukosea kwake,
ilikuwa imesema kama bibi.
Ila mnada hauna bibi.

Nikaketi. Kioo kinasema 11:05.
Nje, kivuli cha mlingoti bado kirefu. Ni saa mbili na dakika tano.
Nikafungua orodha ya majira: Afrika, miji yake.
Mtwara haimo. Lindi haimo.
Dar es Salaam imo, imeshachaguliwa, haina kosa.

Kosa liko chini zaidi,
kwenye saa ndogo iliyogandishwa ubaoni,
inayonyonya betri ya duara kama kifungo cha shati,
isiyolala hata umeme ukikatika.
Mfumo wa zamani uliiachia majira ya hapa hapa.
Mfumo mpya ukaikuta, ukadhani ni ya Ulaya,
ukaiongezea tatu, kwa adabu,
kama mgeni anayetia sukari kwenye chai
ambayo mwenyeji ameshaitia.

Nikaamuru. Nikasubiri mtandao,
ukaja ukichechemea, ukaondoka, ukarudi.
Tarakimu zikaruka nyuma: 08:31.

Karani akasoma kwa sauti, "Saa mbili na nusu,"
wala hakushangaa kwamba kioo kinasema nane naye anasema mbili.
Hiyo sita hatuiiti fundi.
Tunaibeba kichwani tangu darasa la kwanza,
haimwagiki.

Lakini saa iliyorekebishwa hairekebishi jana.
Stakabadhi bado inasema 01:12,
na wino wa printa hauna aibu.

Ndipo Chitanda, mpima mizani,
akatoa penseli sikioni na daftari la shule nyuma ya jiwe la kilo ishirini,
jalada limeliwa na mchwa upande mmoja:
*Alh., saa 4 na robo usiku. Somoe. 11.*
"Mimi huwa naandika tu," akasema. "Mkono usisahau."

Karani akatazama daftari, akatazama kioo, akatazama mlango.
Akavuta muhuri.

"Sasa ni saa ngapi?" Somoe akauliza.
"Saa tatu kasorobo."
Akakaa juu ya gunia lake mwenyewe, akakunja kanga magotini.

Chitanda akalowesha kidole, akafunua ukurasa.
Waliopima jana baada ya saa tatu usiku
ni saba.
Bado sita.